Amina Iliyoniangusha Kitale

Nimeimba besi katika kwaya yetu ya Bungoma miaka mingi bila kutia aibu, mpaka Jumapili iliyopita tulipokwenda kwa lori kushindana na kwaya ya Kitale.

Nilikuwa nimesoma kitabuni jambo la ajabu: kinachotulazimisha kuvuta pumzi ni hewa ya kaboni inayozidi damuni. Mwili huipima wenyewe bila kutuuliza. Nikawaza kwamba nikiitoa kwanza, nitaishikilia "Amina" ya mwisho kuwapita wenyeji.

"Mzee Wafula, mbona unahema kama ng'ombe wa plau?" mwenzangu wa besi alininong'oneza.

"Napunguza kaboni, bana."

Nilivuta na kutoa pumzi mara thelathini. "Amina" ilipoanza vidole viliingia ganzi, nikaanguka.

Nilipozinduka, kifua changu kilikuwa kikipumua taratibu, bila kunihitaji hata kidogo. Nilikistaajabia. Kisha nikaona kanisa zima limepiga magoti, watu wakilia kwamba Roho ameshuka.

Mchungaji akaniinua. "Ndugu, tuambie umeonyeshwa nini."

Nikazitazama nyuso zile zenye machozi.

"Ni kaboni, Mchungaji," nikasema. "Niliipunguza mno."