Gobori la Nanyori

Jumapili ile Nanyori hakwenda kanisani, na jambo hilo lilimuuma kuliko bega. Bega nalo lilikuwa linauma. Usiku wa tatu mfululizo alikuwa amekaa juu ya dungu, kule shambani ukingoni mwa msitu, akiwangoja nguruwe pori waje kufukua viazi vitamu vyake. Gobori lilikuwa limelala kwenye bega lile lile la kulia, na ukungu wa Meru ukimshukia kama mvua isiyotaka kuonekana. Nguruwe hawakuja. Wakija, mtu huhangaika nao mpaka kunapambazuka, halafu husema, haya, nimefanya kazi. Wasipokuja, mtu huchoka bure.

Kengele ya misheni ililia wakati anashuka kwenye dungu. Alisimama akaisikiliza mpaka ikanyamaza.

"Bwana, utanisamehe," akasema kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumsikia. "Nikikaa kwenye benchi leo nitakoroma, na mwalimu atadhani namdharau."

Akaliweka gobori begani, akashika njia ya kwenda nyumbani kwake Olmotonyi, mguu ukivuta mguu.

Hiyo ilikuwa miaka ya Wadachi, boma la Arusha likiwa limesimama mwaka wa tisa au wa kumi, na mvua za vuli zilikuwa zimekosekana. Nanyori alikuwa mjane wa makamo. Kwenye ubatizo alipewa jina la Magdalena, akalipenda sana, lakini vinywa vya majirani vilishazoea Nanyori na yeye hakuwa na nguvu ya kuvifundisha upya. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa mbali. Nyumbani alikuwa na mbuzi mmoja, migomba kiasi, na lile gobori.

Gobori lilikuwa la marehemu mumewe, Lesikar. Ujanani Lesikar alifuatana na wawindaji wa pembe za ndovu, na siku ya kuachana nao akapewa bunduki hiyo kuwa ujira wake. Alirudi nayo akitembea katikati ya njia, watu wote wamwone. Kwa miaka mingi ilipiga nguruwe na kutisha tembo, nayo ikawa kama mtoto wa nyumba ile. Kisha jioni moja Lesikar akasikia ng'ombe wanahangaika zizini, akatoka, akaona mtu ameinama katikati yao. Hakuuliza wewe ni nani. Akapiga.

Alikuwa Sakaya, jirani, amekuja kumtafuta ndama wake aliyechanganyika na ng'ombe wa wenzake. Sakaya aliishi siku tatu. Wazee wakakaa, wakaamua fidia ya damu kama ilivyo desturi ya Waarusha, na ng'ombe wa Lesikar wakatoka zizini mmoja mmoja mpaka zizi likabaki nyasi. Nanyori aliwasindikiza kwa macho, kila mmoja kwa jina lake. Baada ya hapo Lesikar aliishi miaka miwili. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anaisha tu.

Walipokwisha kumzika, Jumbe Lerionka, mkubwa wa eneo lile, alikuja kuichukua bunduki. Akatazama shamba la mjane lilivyopakana na msitu, akatikisa kichwa.

"Nikikunyang'anya hii, nguruwe watakula wewe na viazi vyako," akasema. "Kaa nayo. Lakini Nanyori, kila ikilia uje uniambie imempiga nani na kwa nini. Boma halina mchezo na baruti."

Ulikuwa mwaka wa sita sasa. Kwa miaka hiyo yote Nanyori alipiga nguruwe, akapiga hewani, akaenda kwa jumbe kueleza, akarudi. Mtu hakumpiga hata mmoja. Lakini kila jioni aliposhindilia baruti alimkumbuka Sakaya, na kila asubuhi alimshukuru Mungu kwamba hakuna jirani aliyepotelewa na ndama.

Basi asubuhi ile alipofika mbele ya nyumba, aliuona mlango wa fito umesogezwa. Alikuwa ameufunga kwa kamba ya mgomba, na fundo lake analijua. Fundo lilikuwa limefunguliwa vizuri, kamba imening'inizwa pembeni, kama anavyofanya mtu mwenye adabu. Na mbuzi, ambaye kila siku humlilia akiisikia tu miguu yake, leo alikuwa kimya.

Akaingia taratibu. Mbuzi alikuwa hai, amesimama karibu na mafiga, anatafuna maganda ya mahindi kwa raha zake. Maganda yalikuwa yanadondoka kutoka juu. Nanyori akainua macho. Kwenye dari, juu ya mafiga, mahali alipotundika mbegu zake moshini, ilikuwa inaning'inia miguu miwili ya mtu mzima.

Mbegu zile zilikuwa mafungu mawili ya mahindi, basi. Hizo ndizo zilikuwa mwaka wake ujao wote. Alishinda na njaa wiki mbili nzima akizitazama, wala hakuzigusa.

"Shuka," akasema, na kuinua gobori.

Miguu ikatulia.

"Shuka, nimesema. Nina bunduki."

"Naiona, yeyo," ikajibu sauti ya mwanamume, ikimwita mama kwa lugha yao. "Yeyo, takwenya."

"Iko," Nanyori akaitikia.

Akatamani kulirudisha neno mdomoni. Mwizi amemwamkia, naye ameitikia! Lakini ndivyo walivyolelewa. Salamu ikija, jibu hutoka lenyewe kama chafya.

Mtu akashuka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mbavu zinahesabika, mafungu yote mawili ya mbegu yamefungwa shingoni. Alipokanyaga chini akainamisha kichwa, kama mdogo anavyomwinamia mkubwa, akangoja aguswe utosini.

"Mikono yangu yote ina kazi," Nanyori akasema. "Nikuguse kwa mtutu?"

"Hapana, yeyo. Salamu imefika."

"Wewe ni nani?"

"Lemburis. Natoka kule chini, upande wa Kisongo."

"Na nani alikuonyesha nyumba yangu?"

"Kengele ililia, watu wakaenda. Nikachagua nyumba iliyo pembeni. Nilidhani umekwenda kusali."

"Jamani! Mwizi anayejua saa za ibada."

Lemburis hakucheka. Alikuwa anautazama mtutu. "Bunduki hiyo tunaijua hata sisi wa chini," akasema. "Ndiyo iliyomla Sakaya. Watu husema nyumba hii hupiga kwanza, huuliza baadaye."

Neno hilo lilimwingia Nanyori pabaya. Kidole kilikuwa tayari kwenye mtambo. Tangu usiku kilikuwa hapo, kimekauka na baridi, na sasa hakukisikia vizuri kama ni kidole chake au cha mtu mwingine. Baruti ilikuwa imekaa kwenye ukungu siku tatu; pengine ingelia, pengine isingelia. Hakujua. Na kule kutojua kulimtisha kuliko kujua. Mbele yake alikuwa mtu, na nyuma ya mtu ukuta wa udongo, na kila kitu kilikuwa karibu mno.

"Weka mbegu chini," akasema.

"Mke wangu amejifungua, yeyo. Leo siku ya nne. Anakunywa maji ya moto."

"Kwa hiyo umekuja kula mwaka wangu?"

"Sikujua ni mbegu. Nilijua ni chakula."

"Weka chini!"

Badala ya kuinama, Lemburis akauinua mkono ghafla kuelekea juu. Kidole cha Nanyori kikakaza, na kwa muda mfupi kuliko kope kupepesa alimwona Lesikar amesimama zizini. Lakini mkono ule haukutafuta silaha. Ulichomoa nyasi kwenye paa, ukashika konzi moja, ukamnyoshea.

Sasa, kwa Waarusha, mtu akikushikia nyasi amekuomba amani, na aliyeombwa kwa nyasi hapigi. Hata vitani ilikuwa hivyo. Nanyori aliyajua haya tangu ananyonya. Lakini hizi zilikuwa nyasi kavu, nyeusi kwa masizi, na vumbi lake lilikuwa linamwangukia mbuzi.

"Hizo ni nyasi gani?" akauliza kwa hasira na uchovu. "Unanibomolea nyumba halafu unaniomba amani kwa paa langu mwenyewe? Amani huombwa kwa nyasi mbichi!"

"Yeyo," Lemburis akasema kwa unyonge, "nyasi mbichi ziko nje, na bunduki iko mlangoni."

Alichosema kilikuwa kweli, na kama si siku ile ilivyokuwa, Nanyori angecheka. Hakucheka. Alikitazama kidole chake. Hakumwogopa tena Lemburis hata kidogo. Alikiogopa kile kidole. Akiendelea kusimama pale, akaulizwa neno moja zaidi, akajibiwa vibaya, kidole kitaamua peke yake, maana yeye mwenye kidole alikuwa amechoka mno kukisimamia. Akaomba kimoyomoyo, hakupata maneno, akasema tu, Bwana, Bwana.

"Usisogee hapo ulipo," akasema.

Akarudi kinyumenyume mpaka nje. Kando ya mlango ulipita mfereji mdogo wa kumwagilia migomba, na hapo peke yake nyasi zilikuwa mbichi wakati huo wa ukame. Akainama, magoti yakalia. Kwa kitambo kile alichoinama kijana angeweza kumrukia, akampokonya gobori na kukimbia. Nanyori alilijua hilo, akainama hivyo hivyo. Akang'oa konzi ya nyasi, akarudi ndani, akamnyoshea mwizi wake.

"Shika," akasema. "Haya, niombe vizuri."

Lemburis akazipokea. Alizitazama nyasi, akamtazama mama yule. Akavua mafungu yote mawili shingoni akayaweka chini, akapiga magoti, akaziinua nyasi kwa mikono miwili.

"Yeyo, nimekosa. Nimeingia kwako bila kuitwa. Naomba amani."

"Nimesikia," Nanyori akasema. "Imekwisha."

Akatoa kidole kwenye mtambo, kigumu kama kijiti. Akaondoa fataki ya kuwashia baruti, akaifunga kwenye pindo la nguo, akaliegemeza gobori ukutani. Mwalimu wa misheni aliwahi kuwaambia waache mambo ya kale, akayataja moja moja, lakini nyasi hakuzitaja. Nanyori alimshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha akaketi chini. Akiwa hapo chini akamwelekeza kijana mahali lilipo buyu la maharage machache ya kula yaliyobaki, na kibuyu cha samli aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya binti zake wakija.

"Mzazi hapewi maji ya moto," akasema. "Mpikie maharage mpaka yapondeke, utie hii. Mtoto ni nani?"

"Wa kiume."

"Mungu amkuze. Nenda sasa, kabla watu hawajatoka kanisani. Na hiyo kamba ya mlango, funga kama ulivyoikuta."

Lemburis akaenda. Nyasi hakuziacha, alizichomeka kiunoni. Nanyori alimsikia akifunga fundo kwa nje, halafu akakumbuka kwamba yeye mwenyewe amefungiwa ndani, lakini kamba ya mgomba hukatika kwa kisu, hakuinuka. Akalala palepale kando ya mafiga. Mbuzi akamaliza maganda.

Siku ya pili yake, jua likiwa limepanda, alifika kwa Jumbe Lerionka na gobori begani. Jumbe alikuwa ananywa maziwa mlangoni.

"Sikusikia mlio," jumbe akasema. "Umepiga nini?"

"Sikupiga."

"Basi limeharibika?"

"Ni zima. Nimekuja kulirudisha. Lipeleke bomani."

Lerionka akaweka kibuyu chini. "Wewe mwanamke! Wenzako wananibembeleza mwaka mzima wapate hata kipande cha mtutu, wewe unaleta zima? Kuna mtu amekuingilia? Niambie jina lake."

"Kuna mtu aliingia. Aliniomba kwa nyasi, nikapokea. Jina limekwisha hapo."

Neno la nyasi hata yeye na kofia yake ya boma hakuweza kulivunja. Akajaribu upande mwingine.

"Na nguruwe je? Utawatisha kwa Sala ya Bwana?"

"Kwa Sala ya Bwana na kupiga debe."

"Watakula nusu ya shamba, Nanyori."

"Wale."

"Lakini kwa nini? Miaka sita umeliweza. Hujamdhuru mtu."

Nanyori alifikiri namna ya kumweleza. Angesema juu ya Sakaya, lakini habari ya Sakaya jumbe anaijua. Angesema juu ya kidole, lakini mwanamume angesema basi lala kidogo, kitapona.

"Nimechoka kuwa tayari," akasema mwisho.

Akaliegemeza gobori kwenye nguzo ya nyumba ya jumbe, akatoa pembe ya baruti na fataki moja kutoka pindoni, akaziweka chini kando yake, akaaga. Njiani bega la kulia lilikuwa jepesi mpaka akawa anatembea amejipinda, kama mtu anayesikiliza kitu upande mmoja.

Nguruwe walikuja wiki ile ile. Hawakula nusu, walikula zaidi. Mvua ya masika ilipoanguka Nanyori alipanda mafungu yake yote mawili, akalinda kwa debe na kwa sauti, na sauti ikamkauka. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa benchi la nyuma. Mahubiri yalipofika katikati alisinzia, kichwa kikaangukia ukuta, na wanawake waliokaa karibu wakasogea kumpa nafasi, wakamwacha alale.