Vijiti Mlangoni kwa Bibi

Nakumbuka mwaka mmoja pale Ujiji, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na tisa, ziwa lilipokuwa linapanda bila mvua wala upepo. Jua kali, maji yametulia kama mafuta, lakini ukirudi ufukweni unakuta jiwe ulilokalia jana halionekani. Hata mbwa waliacha kwenda kunywa.

Mzee Bitaliho, fundi seremala aliyeteremka zamani kutoka milima ya Kalinzi, alichomeka vijiti saba kutoka ukingo wa maji hadi karibu na nyumba ya bibi yangu. Kila Ijumaa alikwenda kutazama kipi kimezama. Bibi alikuwa amekata shauri: cha tano kikizama, atahamia kwa shangazi kule Mwandiga.

Kikazama cha tatu, kisha cha nne. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee hapimi maji, anayaita.

Mkutano wa mtaa ukaitwa. "Kila akichomeka, maji yanakuja! Hamuoni?" mmoja akapaza sauti.

"Labda ana mke humo ziwani!" mwingine akatania. Tulicheka.

Mikono ikainuliwa vijiti ving'olewe ili ziwa lishuke, wangu wa kwanza. Wengi wape, tukasema. Ni mimi niliyeving'oa vijiti vyote na kuvitupa majini. Bibi naye, kwa kutuamini, akafungua mzigo aliokwisha kuufunga.

Asubuhi ya tatu nilivikuta vyote saba vimelala mlangoni kwa Bibi, sambamba, kama vimepangwa na mtu. Nikapiga kelele kwamba mzee katuma mambo yake, nikavichoma moto. Kesho yake, Bibi akikunja mkeka wa swala, ukuta wa nyuma uliolowa chini kwa chini ulimwangukia mguu. Alichechemea hadi alipofariki.

Mzee Bitaliho alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, Mzee," nilisema, kichwa chini.

"Marahaba, mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kiha. "Vile vijiti mlangoni, ulijiuliza nani kavileta?"

"Nilijua ni wewe."

"Ungeuliza vimeletwa na nini. Maji yalifika mlangoni mmelala, yakavitua, yakarudi. Mlisema vikiondolewa ziwa litashuka. Haya, mmeviondoa. Limeshuka?"

"Hapana, Mzee."

"Basi rudini mkutanoni mkaseme hivyo. Hata mimi nilidhani litaishia kijiti cha nne, nikakosea. Tuchomeke vingine, tuone."

Nilisimama mbele ya watu nikasema kwamba tulikosea. Tulichomeka vipya, na jirani zetu wakahama mapema.

Nimetangatanga sana tangu hapo, mwanangu, nimewasikia wasomi na waganga, na wengi wao wana uhakika kupita kiasi. Mpaka leo sijui kwa nini ziwa lilipanda, na nikiona maji yaliyotulia mno mwili hunisisimka. Ila hili nalijua: wazo ni kama mtumbwi mpya, hausifiwi nchi kavu, utie majini uone kama unavuja. Kuuliza si ujinga. Wengi wape, naam, lakini usiwape ruhusa ya kumnyamazisha anayepima, maana mkikosea wote ni yeye atakayewaonyesha. Na mkishaamua, tazameni uamuzi wenu umezaa nini. Ukizaa maumivu, kaeni tena mwamue upya, bila haya.

Mungu akujalie ujasiri wa kusema "tulikosea" mbele ya wenzako, na akujalie wenzako watakaokusikiliza.