Dawa Niliyoandika Kwamba Nimeitoa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana muuguzi, bado mgeni kazini katika hospitali moja hapa Bujumbura. Nilikabidhiwa Mama Zuwena, muuza vitenge wa mtaa wa Ngagara. Macho yake yalikuwa ya manjano, kwa kuwa kijiwe kilikuwa kimeziba mrija wa nyongo, na daktari angepitisha kamera mdomoni ili akitoe. Kazi hiyo hufanyika jirani kabisa na mrija wa kongosho, na kongosho likisumbuliwa huweza kuvimba vibaya. Ndiyo maana daktari aliagiza apewe kwanza dawa ya kulikinga, ya kuingizwa kwa nyuma, njia ya haja kubwa.

Nilipomwambia, alijifunika uso kwa mtandio.

"Apana, mutoto wangu. Mi ni kama mama yako."

Nami niliona haya kuliko yeye. Sikumweleza dawa ni ya nini, wala sikumwita muuguzi wa kike. Nikaandika kwenye fishi yake, ile karatasi ya matibabu, kwamba nimempa.

Kijiwe kilitoka vizuri. Lakini mchana uleule tumbo likamshika, likachoma hadi mgongoni, akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Daktari aliisoma fishi hiyo na kuiamini. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nilimfuata Mama Consolate, mkuu wetu wa wauguzi, nikamweleza yote.

Hakunipigia kelele. "Twende tumwambie daktari," alisema. "Halafu urudi ukae naye. We ulikimbia aibu ya dakika moja, yeye ndiye anaumia."

Daktari alisema huenda mgonjwa angeumwa hata kama angepewa dawa; hakuna ajuaye. Neno hilo halijanipa nafuu mpaka leo.

Mama Zuwena alilazwa wiki mbili. Siku ya kutoka nilimwomba radhi. Alinijibu:

"Ungeniambia ni ya nini, ningekubali."

Kisha akaniegemea mkononi, maana bado alikuwa dhaifu, tukashuka ngazi polepole.

Basi wewe unayeanza kazi hii, mgonjwa akikataa dawa, kaa chini umweleze. Akikuonea haya, mtafutie mwingine wa kumhudumia. Ukishindwa, mwambie daktari kabla kamera haijaingia, na usiandike usilolitenda. Mgonjwa naye mwambie asiyavumilie maumivu ya tumbo kimyakimya baadaye. Mungu aipe mikono yako upole, aupe ulimi wako ujasiri, na unaowahudumia awarudishe kwao wazima.