Kidirisha cha Ngozi Kwenye Kidole cha Wanja

Wanja wa Kiama alikuwa msusi, na si msusi wa kubahatisha. Pale Kimbo, Ruiru, wanawake walizipita saluni tatu zilizo wazi ili wamngojee yeye, mmoja kapakata mtoto, mwingine kashika nyama ya jioni, wote wametulia kwenye benchi bila haraka. Mikono yake ilikwenda mbio na haikuumiza kichwa cha mtu. Ukimuuliza siri yake, alikuonyesha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Hicho ndicho kilichogawa nywele, kikazikunja, kikazifungia ndani ya rasta.

Basi hicho hicho ndicho kilichobanwa na mlango wa chuma wa saluni, asubuhi moja yenye upepo, kwenye kiungo cha katikati. Kikavimba, kikatunga usaha, kikapona vibaya. Kikabaki kimenyooka, hakikunjiki hata ukilia. Wateja walimwonea huruma miezi miwili hivi, halafu wakaenda kwingine. Ndivyo watu walivyo, tusidanganyane. Wanja akakaa nyumbani Witeithie, anachambua mboga kwa mkono wa kushoto na kumgombeza kila anayepita.

Daktari Ajwang, wa hospitali moja huko Thika, alimwambia jambo ambalo kwanza lilimchekesha. Angetoa kiungo cha katikati cha kidole cha pili cha mguu, akipandikize mkononi. Mguu ungebaki na kidole kifupi kisichokunjika, lakini ni nani anayetafuta riziki kwa kukunja vidole vya mguu? Kazi, daktari akasema, si mfupa. Mfupa hushika tu. Kazi ni damu. Kiungo hakihami peke yake, kinahama na mshipa wake wa kuleta damu na mwingine wa kuirudisha, kisha mishipa hiyo inashonwa kwenye mishipa ya mkono kwa uzi ambao hata unywele ni mnene kuushinda. Damu ikipita, kiungo kitaishi na kukunjika. Damu ikikatika, kiungo kitakufa, na huenda kidole chote kikakatwa.

Kisha akauliza yale ya kuulizwa. Anavuta sigara? Hapana. Kuna anayevuta nyumbani? Wanja na mumewe Kinuthia wakatazamana wakacheka, maana Kinuthia alikuwa mzee wa kanisa na hata moshi wa nyama choma ulimkohoza. Pombe? Hapana. Chai na kahawa aziache kwanza, maana nazo huweza kuibana mishipa. Hilo lilimuuma, lakini akakubali. Alijibu kila swali bila uongo. Hakuna aliyemuuliza habari ya pua.

Na Wanja alinusa ugoro. Tena si kidogo! Aliuanza miaka mingi nyuma akimuuguza mama yake Kinuthia, ajuza aliyekuwa amepofuka, ambaye kila jioni alitaka atiliwe mbaki yake, yaani ugoro, kidogo kwenye kucha ya kidole gumba. Ukimtilia mtu kila siku, siku moja utajaribu na wewe. Ajuza akazikwa, ugoro ukabaki. Wanja akawa shemasi, akafunga kitambaa cheupe cha Jumapili, na ugoro wake akaufunga kwenye pindo la leso. Kwake sigara ilikuwa mambo ya walevi wa steji. Ugoro ulikuwa kitu cha vikongwe, akina cucu, hata moshi hauna. Kuuhesabu pamoja na sigara hakukumpitia kichwani hata siku moja.

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Alipozinduka, mkono ulikuwa umefungwa bandeji nene na kuinuliwa juu ya mito. Juu ya kiungo kipya paliachwa wazi kipande cha ngozi ya mguuni, si kikubwa kuliko punje ya hindi. Hicho kilikuwa kidirisha chao. Muuguzi Kitheka alikuja kila saa, akakibonyeza, rangi ikafifia, akakiachilia, rangi ikarudi. Halafu akagusisha hapo kalamu ya kusikilizia damu, na chumba kizima kikasikia fu, fu, fu. Chumba chenyewe kilikuwa kimepashwa moto mpaka wageni wakatokwa jasho, kwa sababu baridi nayo hukaza mishipa.

Siku ya tatu kichwa kilimgonga Wanja hadi kwenye meno. Chai hakuna, ugoro hakuna. Alistahimili asubuhi nzima. Baada ya chakula akajikongoja kwa mkongojo mpaka chooni, akafunga komeo, akafungua pindo la leso kwa meno. Pua iko huku na kidole kiko kule, akajiambia, kuna ubaya gani? Akanusa. Haki ya Mungu, kichwa kilifunguka, akajisikia mtu tena. Akanusa mara ya pili.

Hakuwa amekaa kitandani sana Kinuthia alipoingia na akina mama wa kanisa, Mama Kagwe mbele na chupa ya uji. Wakasalimiana, wakauzunguka mkono, wakainamisha vichwa kuuombea. Kitheka akangoja waseme amina, ndipo akasogea na kukibonyeza kidirisha.

Rangi ikafifia, na haikurudi. Akakibonyeza tena. Ngozi ikakaa vile vile, ya kijivujivu. Akagusisha kalamu, na kalamu haikusema kitu. Kitheka alitoka, na aliporudi alikuwa na daktari, na wote wawili walikuwa wanatembea haraka. Akina mama wakaombwa wangoje nje kwenye korido.

Daktari Ajwang alikata bandeji ya juu, labda ilikuwa imekaza. Wapi! Akateremsha mito, mkono ukalala sawa na moyo. Hakuna kilichobadilika. Wanja alikuwa akikitazama kidole chake. Daktari akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Mama, sikiliza. Mshipa huu ama umeziba kwa damu iliyoganda, ama umejikaza tu. Kama umeziba, nikurudishe thieta nikupasue tena sasa hivi kabla kiungo hakijafa. Kama umejikaza, nikiuchokoza tena nitauharibu mimi mwenyewe. Huo unataka joto na dawa. Kwa macho siwezi kujua ni upi. Kuna kitu chochote umekula, umekunywa, umevuta?"

Wanja alimwangalia mumewe. Kinuthia alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, Biblia kwapani. Huko nje akina mama walikuwa wameanza wimbo wa chini chini. Shemasi, mke wa mzee wa kanisa, na pua yenye ugoro! Angeiweka wapi sura yake Jumapili?

Akasema hakuna.

Daktari akainuka na kumwambia Kitheka aite thieta wajiandae. Kitanda cha magurudumu kikaletwa mlangoni. Wakaanza kuzikunja shuka. Wanja akakitazama kidole mara nyingine, kilivyokuwa kimelala hapo kama si chake, na akaona kuwa daktari alikuwa anakwenda kukipasua akiwa gizani, na giza hilo ni yeye Wanja aliyelileta.

"Daktari, nimenusa ugoro. Chooni. Mara mbili."

Daktari akafumba macho kidogo. Akauliza ni lini. Wanja akasema ni kabla tu ya wageni kuingia. Daktari akaushika ukingo wa kile kitanda cha magurudumu, akakirudisha nyuma.

Akasema watangoja nusu saa. Tumbaku ni ile ile, iingie kwa mdomo au kwa pua, na huenda ndiyo iliyoukaza mshipa. Rangi isiporudi, atafungua. Akamtilia dawa kwenye mshipa wa mkono wa kushoto, Kitheka akarundika blanketi za moto, kisha wakasimama pembeni wakingoja.

Wanja hakuthubutu kumtazama Kinuthia. Alikuwa anaogopa, na aibu ilikuwa imemchoma mpaka masikioni. Kinuthia ndiye aliyesogea, akainama.

"Wanja, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ugoro. Tangu mama afe. Mto wako unanuka kama mto wake." Akaunyoosha ukingo wa blanketi. "Siku ile daktari alipouliza habari ya sigara, neno lilinifika kwenye ulimi. Nikaona nitakuaibisha."

Sasa hasira ilimpanda Wanja, hasira kweli kweli. "Kwa hivyo ulikubali kidole changu kife, ili isionekane mzee wa kanisa ameoa mnusa ugoro?"

Kinuthia akaihamishia Biblia kwapa la pili. Wanja angempiga kofi, ila mkono wa kupigia ndio huo uliokuwa kwenye bandeji. Na alijua kuwa yeye mwenyewe, muda mfupi tu uliopita, alikuwa amesema hakuna. Wakabaki hivyo, wote wawili wakikikodolea macho kipande cha ngozi.

Kitheka akabonyeza. Bado. Akangoja, akabonyeza tena. Bado. Daktari akaitazama saa ya ukutani na kuvaa glavu. Ndipo Kitheka akagusisha kalamu kwa mara nyingine, akaisogeza kidogo, akaisogeza tena, na ikatoka sauti ya mbali. Fu. Kisha kimya kirefu mno. Kisha fu, fu. Alipobonyeza, rangi ilirudi polepole, kwa uvivu, lakini ilirudi.

"Inapita," daktari akasema. Hakutabasamu. Akamwambia bado watakiangalia usiku kucha, na kwamba akinusa tena, hata kidogo, asimwite. Akaichukua leso mwenyewe akampa Kitheka. Wanja akalia kwa sauti, hakujali nani anamsikia.

Nje wimbo ulikuwa umekwisha. Mama Kagwe akachungulia na kuuliza kidole kimepatwa na nini, ili wajue wanaombea nini. Wanja alijua mumewe atasema nini. Kwa mambo kama haya Kinuthia alikuwa na jibu lake la siku zote, kwamba ni majaribu tu ya dunia, na watu huridhika.

Kinuthia akaenda akasimama mlangoni.

"Alinusa ugoro," akasema, wala hakunong'ona. "Na mimi nilijua. Daktari alipouliza nikakaa kimya. Kwa hivyo mkiomba, tuombeeni wote wawili."

Wanja aliutazama mgongo wa mumewe pale mlangoni, na hakutamani mlango ufungwe.