Gunia Jeupe Juu ya Mtaro

Nakumbuka asubuhi moja ya Aprili, jua limewaka hapa kwetu Kesses utadhani ni Januari. Keti kidogo, mwanangu, kabla hujaanza hii kazi uliyopewa ya kupima maji ya mtaro. Mimi niliifanya nikiwa na umri wako.

Ilikuwa kazi rahisi, wala usinicheke. Kila asubuhi nashuka mtaroni, naangalia maji yamefika wapi kwenye ule mti wa kupimia, wenye alama, uliosimikwa majini. Yakiwa chini ya alama nyekundu, natundika gunia jeupe juu ya mlingoti. Huko chini, Mzee Kamau akiliona anavua viatu, anaingia mtaroni kutoa magugu yanayoziba lango la maji. Maji yakipanda kwangu, kwake hufika baadaye, tena kwa nguvu. Kwa hivyo bila gunia, haingii.

Siku hiyo ilikuwa ya soko Cheptiret, na mimi nilikuwa nimeona viatu huko. Viatu, jameni! Nikatazama juu, hakuna wingu. Nikajiambia, maji yatoke wapi? Nikatundika gunia bila kushuka, nikaenda zangu.

Kumbe huko juu mtaro unakotoka, mvua ilikuwa imepiga tangu jana yake.

Niliporudi nilikuta watu wamejaa langoni. Walikuwa wamemtoa Mzee Kamau, wamemfunika na koti lake. Viatu vyake vilikuwa bado kando ya mtaro, amevipanga vizuri. Vyangu vipya nilikuwa nimevibeba kwapani.

Mkewe, Mama Wanjiru, akanishika mkono. "Kijana wangu, uliangalia maji?"

"Niliangalia, Mama."

"Asante. Basi ni Mungu ameamua."

Akanishukuru, mwanangu! Na kila akivuna viazi alikuwa ananiletea, nami nakula. Mama huyo tulimzika mwaka jana. Sikuwahi kumwambia, na sasa sina wa kumwambia ila wewe.

Siku hizi mnatuma namba kwa simu, lakini bado kuna mtu huko chini anayevua viatu kwa sababu amekuamini. Usitume namba ambayo macho yako hayajaona. Na siku usiposhuka, sema hukushuka, hata kama utafutwa kazi.

Mungu akulinde, akupe ule ujasiri nilioukosa mbele ya yule mama. Haya, enda ukaangalie maji.