Waya wa Mzee Mwinyijuma

Mwalimu Yosefina alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Darasani alinyoosha mistari ya watoto, kanisani alinyoosha sauti za kwaya, na tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Maneromango, nyumba zikapangwa kwa safu, yeye peke yake ndiye aliyefurahi. Sisi wengine tulinung'unika kwamba tumebanwa. Yeye alisema sasa angalau tunaonekana watu.

Ubaya wa safu ni kwamba jirani anakusikia nawe unamsikia. Jirani wa Mwalimu alikuwa Mzee Mwinyijuma, mkulima wa korosho, mtu asiye na makuu. Wote wawili walikuwa na redio. Kila Jumapili jioni Mwalimu alitafuta kwenye masafa mafupi kituo cha mbali kilichopiga nyimbo za kwaya. Mzee alitafuta idhaa ya Kiswahili ya nchi ya Ulaya aliyokwenda kusomea mwanawe, Abdala. Barua za Abdala zilikuwa zimekatika muda mrefu, na watu walishaanza kumuulizia kwa sauti ya chini, kama wanavyoulizia mgonjwa mahututi. Idhaa ile ilikuwa na kipindi cha salamu za wanafunzi. Basi Mzee alifunga waya mrefu wa shaba kutoka dirishani mpaka juu ya mnazi, redio ishike vizuri, akawa anangoja.

Tabu ilianzia kwenye kwaya. Ikifika ubeti wa pili, mwanamume anaingia katikati na habari za viwanda na matrekta. Mwalimu akizungusha kidogo, anapata filimbi. Akirudisha, matrekta. Na sauti ileile ilikuwa ikitoka barazani kwa Mzee. Mwalimu akaona jambo liko wazi: waya ule ndio unaoisukumia redio yake maneno.

Hakwenda kupiga hodi kwa jirani, ingawa mlango ulikuwa pale pale. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Hilario, aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya yake. Hilario hakujua lolote kuhusu redio, lakini nani wa kubishana na Mwalimu? Akampelekea Mzee amri.

“Kama namuudhi Mwalimu, nitaushusha,” Mzee alisema. “Ila bila waya redio yangu haishiki kitu.”

Akaushusha, akaukunja, akaiingiza redio ndani. Mwalimu alimtazama kutoka uani kwake, akaona haki imetendeka.

Jumapili iliyofuata alikaa mapema. Kwaya ikaanza, ubeti wa pili ukafika, na yule bwana wa matrekta akaingia kama kawaida yake. Mwalimu akatoka nje. Mnazi ulikuwa mtupu, na nyumba ya jirani ilikuwa kimya. Kumbe vile vituo viwili vilikaa ubavu kwa ubavu huko hewani, kila kimoja kikimpiga mwenzake viwiko, na waya wa Mzee haukuwa na kosa lolote.

Alirudi ndani uso unawaka. Kila neno la ile idhaa lilikuwa likimsuta. Akashika kitufe ili aikimbie, na mkono ulikuwa tayari unazungusha ilipoingia sauti nyingine, ya kijana, ikasema maneno machache ikapotea. Aliijua. Akarudisha haraka, lakini alichopata ni kwaya yake, safi kuliko siku zote. Akahangaika huku na huku mpaka kipindi kikaisha. Kisha akalia kwa aibu.

Kesho yake alikwenda shuleni kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya nyumba ile. Angeweza kunyamaza, hakuna mwingine aliyesikia. Jioni miguu ilimpeleka. Mzee alikuwa barazani akimenya mihogo.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti.”

Hakukaa. “Mzee, jana nimemsikia Abdala redioni.”

Kisu kikasimama. “Abdala wangu?”

“Ndiye. Nimemfundisha kusoma, sauti yake naijua. Alitaja jina lake, na lako, na Maneromango. Akasema, ‘Baba, mama, msione kimya, mimi nili…’”

“Nili nini?”

“Niliizungusha redio, Mzee. Na waya wako nimekushushia bure. Haukuwa na kosa. Naona aibu hata kusimama hapa.”

Mzee aliweka kisu chini. “Yu hai,” alisema polepole. Akageukia ndani. “Mama Abdala, njoo. Mwalimu amemsikia mwanao.”

Mwanamvua akatoka mikono imejaa unga, akaketi mkekani mbele ya Mwalimu. “Nieleze yote,” akasema. “Usiache hata neno.”

Mwalimu akaanza upya, jina la kijana, jina la baba, Maneromango, mpaka akafika pale mkono wake ulipozungusha. Mwanamvua alikuwa bado anamtazama mdomoni, akingoja mengine.