Mjane Aliyeingia Katika Mchezo Wetu

Nyumbani kwetu Nyamitaba, nikiwa msichana mdogo, nilichapwa mara nyingi kwa sababu ya kuigiza watu. Nilimwiga katekista anavyopenga kamasi kabla ya sala. Nilimwiga shangazi anavyolia msibani, jicho moja likilinda sufuria ya maharagi. Mama alicheka kwanza, ndipo akachukua fimbo.

Nilipofika mwaka wa tano wa shule ya msingi, mwalimu wetu akaona afadhali wazimu huo upewe kazi. Akaandika mchezo mfupi kuhusu mtu anayesogeza mpaka wa shamba la jirani kila asubuhi hatua moja, na mimi akanipa nafasi ya mwizi huyo. Nilivaa koti la baba, mikono yote ikazama ndani.

Siku ya kufunga shule wazazi walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi sikutosheka. Katika safu ya mbele aliketi mkubwa mmoja wa serikali mwenye tabia ya kugonga buti lake kwa fimbo kila akisema. Nikaokota fimbo, nikagonga mguu wangu vilevile. Hilo mwalimu hakuliandika. Watu wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine. Wiki chache baadaye tukasikia mwalimu amehamishiwa Walikale, upande wa msituni. Hakuna aliyeniambia ni kwa sababu yangu, na hakuna aliyeniambia siyo.

"Mudomo yako, mutoto," mama alisema, "itatuletea mambo."

Ningeacha, lakini sikuweza. Nilipokuwa sekondari Kirotshe nilijiunga na kundi la teatri, tukawa tunatembea kwa miguu kwenda kucheza sokoni. Siku moja pale Shasha, karibu na wanawake wanaouza sambaza, vile visamaki vya ziwani, tulicheza habari ya mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji yake. Mjane nilikuwa mimi. Nilipopiga magoti kuomba, mama mmoja mwenye kitenge kilichopauka akatoka katika umati, akaja hadi nilipokuwa.

"Simama," aliniambia. "Mimi sikuomba vile."

Watu wakacheka, wakidhani ni mwenzetu.

"Mimi njo mujane," akawaambia. "Shamba yangu iko pale juu ya mulima. Sikupiga magoti. Nililala mu shamba siku mbili, bakanitoa na nguvu." Kisha akatugeukia sisi, vijana sita katika nguo za kuazima. "Sasa mumecheza. Kisha mutafanya nini?"

Wenzangu wakaanza kukusanya ngoma. Kesho yake sikuingia darasani. Nilirudi Shasha kumtafuta.

Mimi naye tulikwenda kwa kiongozi wa eneo mara nne. Mara tatu tulikaa kwenye benchi hadi milango ya biro yake ikafungwa. Mara ya nne tulikuja na wanawake wengine kumi na wawili, na karani akasema ataingia mmoja tu. Mjane akanisukuma mgongoni.

"Ingia wewe. Wewe njo unajua kusema mbele ya watu."

Nilijua kweli. Nilijua pa kunyamaza na pa kushusha sauti. Nilipofikia zile siku mbili shambani, machozi yakanitoka, na kiongozi akaweka kalamu chini. Aliahidi kuja kupima mpaka, na alikuja. Mjane akarudishiwa nusu ya juu, yenye mawe. Nusu ya chini, iliyo karibu na maji, ikabaki kwa shemeji.

Tukishuka mlima alinishika mkono. "Ulilia muzuri," alisema.

Hata leo sijui alimaanisha nini. Wala sijui kama nililia kwa ajili yake au kwa kuwa machozi yangefaa pale. Neno hilo hunirudia kila ninaposhika kipaza sauti, na ninakishika mara nyingi: niko katika komite ya wanawake wanaotetea mashamba yao, na wapo wanaotaka niingie politiki kabisa, nigombee kiti. Mume wangu anasema sijui kukaa. Hata nikichambua maharagi nasimama, naenda mlangoni, narudi.

Mwaka jana nilialikwa Walikale kusema juu ya mashamba ya wanawake. Niliulizia mwalimu wangu, hakuna aliyemkumbuka. Nilisema, wakapiga makofi. Nje, dada mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akanifuata.

"Mama, umesema muzuri. Lakini utarudi?"

"Nitarudi," nilijibu, upesi mno. Alinitazama bila kutabasamu.

Nilirudi baada ya wiki tatu, katika mvua, pikipiki ikikwama kwenye tope mara mbili. Nilimkuta barazani akimenya mihogo. Hakunishangilia. Alinisogezea kigoda, akanipa kisu. Tulimenya kwa muda mrefu, na mimi, kwa taabu, nilinyamaza. Ndipo akaanza kunieleza polepole shamba la baba yake lilianzia wapi, na nani alikuwa analima humo sasa.